Kurudi chuoni kusomea dizaini baada ya miaka 11 kwenye uchapaji: nianzie wapi?

Mkata Stika

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa watu waliopita njia hii, na nitaeleza yote mapema ili nisiwachoshe kwa maswali ya nyongeza.

Nina umri wa miaka 33. Mwaka 2014 niliacha shahada ya sanaa na ubunifu katika chuo kikuu kimoja cha umma nikiwa nimemaliza mwaka wa pili. Sikudisko, yaani sikuondolewa chuoni kwa kufeli. Baba alipata kiharusi, wadogo zangu wawili walikuwa sekondari, na mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo niliandika barua ya kuahirisha masomo kwa mwaka mmoja, mwaka ambao haujakwisha hadi leo.

Tangu hapo nimekuwa katika duka la uchapaji Kariakoo. Nilianza kwa kukata stika kwa wembe, na sasa ninasimamia meza ya ubunifu: kadi za michango ya harusi na za mwaliko, mabango ya flex, fulana za kampeni, lebo za chupa za asali na sabuni za maji. Mteja akiingia saa nne asubuhi na picha aliyoipiga kwa simu, saa saba mchana anaondoka na bango la futi 3 kwa 6, na uso wa bibi harusi umeng'aa kuliko alivyong'aa siku yenyewe. Kazi ninaijua.

Kinachonirudisha ni hiki. Mara mbili nimeomba nafasi ya afisa wa ubunifu katika taasisi, na mara mbili zote kazi zangu zilipendwa hadi ilipofika hatua ya vyeti. Mara ya pili aliyechukuliwa ni kijana niliyemfundisha mwenyewe namna ya kuandaa faili la kuchapa, ambaye alikuwa na shahada. Sina kinyongo naye, lakini siku ile sikulala.

Sasa ninajiuliza kama miaka yangu miwili bado inahesabika, na kama deni la bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, nililokula wakati ule litanizuia. Ninajiuliza pia kama mtu anaweza kusoma huku akiendelea na kazi, kwa kuwa nyumbani bado wananitegemea. Zaidi ya hayo kuna hofu ambayo nashindwa hata kuipa jina. Nilipoondoka tulikuwa tunafundishwa kutengeneza katuni kwa programu ya Flash. Majuzi nilipita studio ya zamani, nikakuta wanafunzi wanne wanachora kitu kimoja kwenye kompyuta nne kwa wakati mmoja, kila mmoja akiona mkono wa mwenzake ukitembea. Nikatoka kimya kimya kama mgeni aliyekosea nyumba.

Bi Penseli

Mdogo wangu, pole na hongera. Mimi nilirudi nikiwa na miaka 36 na watoto wawili, nikamaliza, kwa hiyo nitasema ninayoyajua.

Kabla ya jambo lolote, na kabla hujamwambia bosi wako neno, nenda ofisi ya udahili ukaulize hadhi yako. Kuna tofauti kubwa kati ya mwanafunzi aliyeahirisha, mwanafunzi aliyefutiwa usajili kwa kutorudi, na mwanafunzi aliyedisko. Kila chuo kina kanuni yake ya muda wa mwisho wa kumaliza shahada, na kwa miaka 11 kuna uwezekano mkubwa kwamba usajili wako wa zamani umekwisha na utalazimika kuomba udahili upya. Hilo lisikutie hofu, kwa sababu udahili mpya hauyafuti matokeo uliyoyapata. Omba nakala rasmi ya matokeo ya mihula yako minne, pamoja na maelezo ya kila somo kama yalivyokuwa kwenye mtaala wa wakati ule. Watu wengi husahau hayo maelezo, halafu idara hukosa kitu cha kulinganisha na mtaala wa sasa. Barua yako ya kuahirisha nayo itafute, hata kama imeliwa na mende nusu.

Kuhusu Bodi ya Mikopo: kuacha masomo hakukufuti deni. Ulichopokea kinadaiwa, ingawa kuna nafuu moja, kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Ukitaka kuomba tena, mwongozo wa Bodi huwa unataka kwanza sehemu ya deni la zamani iwe imelipwa, na ukomo wa umri wa kuomba umekuwa miaka 35. Wewe una 33, kwa hiyo usiseme utaanza mwakani. Anza kulipa kidogo kidogo mwezi huu, uwe na karatasi za kuonyesha.

Sasa nikueleze lililonikuta, kwa maana hapo ndipo ninapoona hatari yako. Kazi yetu ya kwanza ya studio ilikuwa kubuni alama ya ushirika wa wauza samaki. Mwalimu alitaka michoro midogo 40 ya penseli kabla ya mtu kugusa kompyuta. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya matangazo kwa miaka tisa. Alama ya samaki naitengeneza nikiwa nachambua mboga. Usiku mmoja nikaitengeneza kwenye programu ya CorelDRAW, nzuri kabisa, kisha nikakaa nikachora michoro 39 kwa kurudi nyuma, nikijifanya kwamba ndiyo iliyonifikisha pale. Mwalimu alizifungua kurasa zangu taratibu. Hapakuwa na mahali nilipofuta, hapakuwa na samaki aliyeharibika, penseli ilikuwa imechongwa vilevile mwanzo hadi mwisho, na samaki wote 39 walitazama kushoto kama yule wa mwisho. Nilipata alama 9 kati ya 30, na sikuwa na la kujitetea.

Mkono uliozoea mteja aliyesimama mlangoni na pesa mkononi huona aibu kuonyesha kitu kibovu. Studio inataka hicho kibovu. Ilinichukua muhula mzima kujifunza kuharibu karatasi mbele za watu.

Kaka Mkuu wa Duka

Dada Mkata Stika, samahani kwa kwenda kinyume na wengine. Nimeajiri wabunifu kwa miaka 15 na sijawahi kumwomba mtu shahada. Ninafungua faili lake, ninatazama kama maandishi yamegeuzwa kuwa mistari, kama picha hazijapauka, kama ameacha ziada ya kukatia, na hapo hapo nimejua. Ada ya miaka miwili au mitatu, ukijumlisha na mshahara utakaoukosa, ni mashine ya kukatia stika na mtaji wa karatasi. Umefikiria kufungua duka lako?

Kama lengo ni cheti kwa ajili ya ajira za taasisi na serikali, hapo sina ubishi, kwa kuwa huko muundo wa utumishi ndio unaoamua na kipaji hakina safu kwenye fomu. Lakini usirudi kwa sababu tu yule kijana alichukuliwa. Hasira huisha muhula wa kwanza, ada haiishi.

Mwalimu wa Studio

Nimefundisha ubunifu wa grafiki kwa muda mrefu, na kila mwaka huwa na mmoja au wawili wa aina yako darasani. Aliyotangulia kuyasema Bi Penseli ni kweli tupu, hata wale samaki nimewahi kuwaona kwa sura nyingine. Naomba niongeze machache.

La muda kwanza, maana ndilo linalowaangusha wengi, na wanaoanguka si wavivu. Katika mfumo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, tukijumlisha darasa, studio na kujisomea, na mwaka wa masomo una krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Zigawanye kwa wiki 30 za mihula miwili, unapata saa 40 kwa wiki, yaani ajira kamili. Ukiwa bado uko Kariakoo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, utakuwa na ajira mbili, na itakayokufa kwanza ni ile isiyokulipa. Zungumza na bosi wako juu ya kufanya kazi Jumamosi na jioni mbili tu, na wiki za kukabidhi kazi umwambie wazi kwamba hutakuwepo. Wiki hizo zinajulikana tangu mwanzo wa muhula, kwa hiyo mpelekee tarehe kwa maandishi.

Kuhusu masomo ya kusamehewa: idara ikikubali kulinganisha matokeo yako, utashawishika kuomba usamehewe kila kinachowezekana. Mimi nakushauri uombe kusamehewa masomo ya jumla uliyofaulu, na yale ya uchapaji ikiwa idara ina utaratibu wa kupima ujuzi wa kazini. Kuchora kwa mkono usiombe kabisa, hata kama ulipata A mwaka 2013. Halafu kuna somo la historia ya ubunifu, ambalo wanaorudi hulikimbia kwa sababu lina insha, ilhali ndilo litakalokupa maneno ya kutetea kazi yako mbele ya jopo. Ndiyo, utasoma Bauhaus, shule ya ubunifu ya Ujerumani iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919 na kufungwa Berlin mwaka 1933, na utauliza inakuhusu nini. Basi soma pia habari za shule ya sanaa ya Makerere, iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, ambako mchoraji Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro, alisoma na kufundisha kabla ya kwenda kuiwakilisha Tanganyika kibalozi London. Mabishano yaliyokuwako pale, juu ya kipi mwanafunzi wa Kiafrika afundishwe na kipi aachwe nacho kama alivyokuja nacho, hayajaisha hata leo kwenye studio zetu.

Programu zisikunyime usingizi. Flash Player, ile iliyochezesha kazi za Flash kwenye kivinjari, ilizimwa tarehe 31 Desemba 2020 na hakuna atakayekuuliza, ila ulichojifunza kuhusu fremu na mwendo utakikuta kilekile chini ya vitufe vingine. Adobe walitangaza mwaka 2013 kwamba matoleo mapya hayatauzwa tena kwa malipo ya mara moja, wakahamia kwenye malipo ya mwezi au mwaka, jambo ambalo kwa mwanafunzi ni mzigo. Wale vijana wanne uliowaona inaelekea walikuwa kwenye Figma, ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2016, hufanya kazi ndani ya kivinjari, na mwanafunzi akithibitisha kwamba yuko chuoni huitumia bila malipo. Inkscape, Krita na Blender hazina malipo kwa mtu yeyote. Kwa mtu aliyekaa na CorelDRAW miaka 11, wiki mbili zinatosha kushika mwanzo wa mojawapo. Kuna pia programu zinazochora picha ukiziandikia maelezo, ambazo zimeenea tangu mwaka 2022. Ndizo zilizotufanya sisi walimu tudai daftari la michoro kwa ukali kuliko zamani, kwa sababu picha ya mwisho peke yake siku hizi haithibitishi kwamba mtu amefikiri.

Unacho pia kitu ambacho wenzako hawana. Kila mwaka wanafunzi wangu wanapeleka kuchapa bango lenye bluu kali waliyoipenda kwenye skrini, na bango linarudi zambarau, wakidhani mashine imeharibika. Wewe unajua kwa nini, kwa kuwa umeshafokewa na mteja kwa jambo hilo. Unajua kuacha milimita 3 kingoni kwa ajili ya kisu. Unajua kwamba kadi iliyokunjwa kinyume na nyuzi za karatasi hupasuka mgongoni. Usiyatangaze hayo siku ya kwanza, maana utageuzwa fundi wa kuandaa faili za darasa zima. Hilo nimeliona likitokea, na aliyegeuzwa alichelewa kukabidhi kazi yake mwenyewe.

Mwana wa Leso

Salamu kutoka Mombasa. Kwanza kwa Wakenya watakaopita hapa: jambo la deni ni kali zaidi kwetu, kwa sababu HELB, bodi yetu ya mikopo ya elimu ya juu, humtoza faini ya shilingi 5,000 kila mwezi anayekaa kimya bila kulipa, kwa hiyo mtu asijifiche miaka kumi kisha ashangae akikuta deni limezaa.

Mimi nilikuwa mchoraji wa matatu. Nilirudi Nairobi kumalizia shahada ya dizaini nikiwa na miaka 40, wanafunzi wenzangu wakiniita mzee, na mmoja aliniamkia shikamoo kila asubuhi hadi nikamwomba anionee huruma.

Kazi iliyonivunja ilikuwa ya kubuni leso, yaani khanga. Niliichukulia kwa dharau kidogo. Mama yangu ameuza leso karibu na Mtaa wa Biashara tangu sijazaliwa, pindo (ukingo wake) na mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa juu yake) ni maneno niliyoyajua kabla ya kujua kusoma, na mkono wangu ulikuwa umezoea kupamba basi zima kwa siku mbili. Nilichora pindo la mawimbi, mji wa jahazi, na jina nikalitoa mahali pake pa kawaida, pale katikati juu ya pindo la chini, nikalipandisha ubavuni kwenye upande mfupi, kwa herufi nyembamba zenye mikia. Ikitundikwa ukutani ilikuwa kazi ya kupendeza, wala sisemi kwa kujisifu.

Kabla ya kukabidhi niliichapisha kwenye kitambaa, nikampelekea mama aivae nimpige picha. Alijifunga kifuani kama avaavyo akitoka kuoga, na jina lote likaenda kujificha kwapani. Akajigeuza huku na huku kulitafuta, akacheka, akasema, "Mwanangu, hili fumbo umelifumba mara mbili." Kisha akanionyesha ambalo nilipaswa kuwa nimeliona miaka 40: kwamba leso huuzwa doti, yaani vipande viwili pamoja, kwamba ncha mbili zilizokatwa hupindwa kwa cherehani na hula kitambaa, na kwamba anayesoma jina mara nyingi ni yule aliyeachwa nyuma, mvaaji akishampita.

Nilikaa siku mbili kwenye ukumbi wa duka la jirani nikitazama tu jinsi wateja wanavyojipima, nikichora mikunjo. Sikuwahi kuketi hivyo katika miaka yote ya matatu, kwani gari likisimama bila rangi ni hasara ya mwenyewe. Kwangu mimi chuo kilikuwa hizo siku mbili. Niliomba nyongeza ya muda, nikanyimwa, nikakabidhi kazi yenye jina mahali pa kawaida na herufi nene, pamoja na kurasa 20 za mikunjo. Walisifu mikunjo kuliko leso.

Kwa hiyo ndugu yangu wa duka hapo juu yuko sahihi kuhusu pesa, lakini nadhani hakuna mteja atakayemlipa dada huyu kukaa siku mbili akitazama watu.

Kaka Mkuu wa Duka

Mwana wa Leso, hapo umenipata. Mimi mwenyewe nisingemlipa.

Mkata Stika

Ndugu zangu, nimesoma kila neno zaidi ya mara moja, na ninawashukuru. Nimekaa kimya wiki tatu kwa kuwa nilitaka kurudi na jambo la kusema.

Nilikwenda ofisi ya udahili. Bi Penseli alikisia sawasawa: usajili wangu ulishafutwa, na nimetakiwa kuomba upya. Matokeo yangu yapo, ingawa mhudumu alilazimika kwenda kuyatafuta kwenye majalada kwa kuwa mfumo wa sasa hauonyeshi miaka ile. Mkuu wa Idara alinipokea vizuri, akapitia mtaala wa zamani na mpya, na kwa maelezo yake ya awali mwaka wa kwanza karibu wote utakubalika, lakini mwaka wa pili umebadilishwa sana, kwa hiyo nikipata udahili nitaanzia hapo. Nilitaka kulalamika, nikakumbuka neno la kutoomba kusamehewa kuchora, nikanyamaza. Bodi ya Mikopo nimeanza kulipa. Mwezi wa kwanza umeniuma.

Bosi wangu alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Amekubali Jumamosi na jioni mbili kwa mshahara uliopungua zaidi ya nusu, na amenipa sharti kwamba nimfundishe mtu meza yangu kabla sijaondoka. Nimemchagua binti anayekata stika.

Kuhusu Kaka Mkuu wa Duka: swali lako nililichukua kwa uzito, nikapiga hesabu ya duka kwenye daftari, na bado nimeona ninataka kurudi. Hasira ya yule kijana ilikuwa imeshaisha nilipokuwa nafanya hesabu hiyo, na nilipoitafuta sikuikuta.

Kwa wiki hizi nimejipa zoezi la michoro 30 ya mkono wa yule binti akikata stika, kwa penseli, bila kufuta. Nimefika wa 17. Kumi na moja ya mwanzo yote ilitoka nadhifu na ilifanana, kwa sababu nilikuwa nachora mkono ninaoukumbuka. Wa 12 binti alibadilisha wembe katikati, vidole vikakaa vibaya, nikachora hivyo hivyo vibaya, na ndio pekee ambao amesema, "Huu ni wangu."

Swali la mwisho, kama mnaniruhusu: orodha ya vifaa vya studio inataka ubao wa kuchorea wa A2 pamoja na rula ya T. Dukani bei imenishtua. Kuna mwenye wa zamani anayeuza?

Bi Penseli

Usinunue, mdogo wangu. Wangu upo nyuma ya kabati tangu nilipomaliza, umevunjika kona moja lakini umenyooka, na rula ya T ipo. Utakapokuja kuuchukua usije jioni, maana mtu na ubao wa A2 hawaingii pamoja kwenye daladala ya saa kumi na mbili. Ile misumari midogo upande wa chini usiing'oe. Niliipiga mimi kuzuia karatasi isiteleze, na utaihitaji.